Mkono wa Mama Mkwe

Mjini Baraka, wakati wa mvua

Kaka yangu Rashidi,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani. Je, mama amepona kifua? Shemeji na watoto wanaamka salama? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Naogopa, kaka, na huku sina mtu wa damu yangu wa kumwambia.

Juma lililopita niliacha kuranda mbao za mashua, nikaenda na mke wangu Sifa kumchukua mama yake kijijini Lubondja, maana Sifa amekaribia kujifungua. Njiani kurudi mimi nilitangulia, mama mkwe akabaki nyuma kabisa, kama adabu yao inavyotaka. Huku wanaume hushikana mikono wakitembea na kupiga soga, ni undugu tu. Lakini mama mkwe, hata kivuli chake unakikwepa. Kumshika mkono ni kama kumvua nguo mbele ya watu.

Tulikuta mto umefurika, ikabidi tuvuke tukiwa karibu karibu. Katikati mama mkwe akateleza, nami bila kufikiri nikamdaka mkono. Akapiga kelele: "Niache! We mukwe yangu, niache maji inibebe!"

Sikumwachia. Nilimvuta mpaka ng'ambo, na watu waliokuwa wakingoja maji yapungue wakaziba midomo.

Tangu hapo amejifungia kwa jirani, hali wala hasemi. Rafiki yangu Mateso, ambaye kila jioni tulirudi kutoka kazini mkono kwa mkono, jana alitia mikono mfukoni akatembea upande wa pili. Sifa analia tu. "Bazee ba kwetu banakuya kesho," ananiambia. "Bakisema nirudi kwetu, we utabakia na nani?"

Kweli nitabaki na nani? Watanichukulia mke, na mtoto ambaye sijamwona hata uso. Nimetafuta mbuzi, maana mkono mtupu haulambwi, lakini sijui kama mbuzi anatosha.

Msalimie shangazi muuza mawese, na mjomba fundi baiskeli. Mama usimweleze, mwambie aniombee tu.

Wazee wakiniuliza kama nilivunja mwiko, nitakubali na kupiga magoti. Ninaloogopa, kaka, ni wakiniuliza kama siku nyingine ningemwachia. Hapo sitaweza kuwadanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Amisi