Karatasi ya Kuzaliwa ya Naomie

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwalimu Soudi amesema mbele ya darasa zima: asiye na karatasi ya kuzaliwa hataandikwa kwa mtihani wa darasa la sita. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Naomie amerudi, hakula. Ameniuliza: “Mimi niko na karatasi ama siko nayo?”

Anayo – nusu. Ile aliyokuja nayo kutoka Kabambare miaka minne iliyopita, yeye na mama yake walipokimbia bunduki, imefungwa ndani ya kitenge cha mama yake. Maji yamekula tarehe. Muhuri umebaki doa. Jina la mama tu ndilo linasomeka: Clémentine.

Hukumu ya tribinali ninayo tangu Januari. Kwa sheria Naomie ni mtoto wangu. Kilichobaki ni ofisi ya komini kuandika karatasi mpya. Kesho nafunga mashini yangu ya kukoboa, wenye mpunga wao wangoje! Ni kazi ya siku moja, wanasema.

Jumanne, 4 Machi

Siku moja! Ha.

Bwana wa état civil, anayeandika vizazi na vifo, anaitwa Léon. Shati limenyooka kama ubao. Amesoma mistari miwili ya hukumu, kisha akatazama kidole changu akitafuta pete.

“Bwana yako iko wapi?”

“Sina bwana.”

“Sasa baba ya mutoto tutaandika nani?”

Nikamwambia baba ni Kalume, alifia ndani ya shimo la dhahabu mtoto akiwa na miaka miwili. Akasema huyo hasaidii kitu. Lete kaka yako, lete mwanaume yeyote. Nikamwonyesha jina langu kwenye hukumu, peke yake. “Jaji amekubali. Wewe njo nani?”

Sikupaswa kusema vile. Nimefurahi nilisema.

Ameniambia nirudi Alhamisi.

Alhamisi, 6 Machi

Hayupo.

Ijumaa, 7 Machi

Yupo. Anakula. Amekula mpaka wakafunga biro ya komini.

Jumatatu, 10 Machi

NIMEIPATA!

Léon ameandika haraka haraka, hata kichwa hakuinua. Wino ulikuwa bado unanukia nikitoka. Nikasoma njiani: Naomie, amezaliwa Kindu, mama Adolphine, yaani mimi. Baba – mstari mtupu. Hakuna neno juu ya hukumu. Hakuna Clémentine. Kana kwamba nilimzaa mimi, hapa, nikiwa na miaka kumi na minane.

Nikarudi dirishani. Akasema: “Hivi njo mwepesi, mama. Hakuna mutu atakuuliza kitu.”

Nilipaswa kukataa palepale. Sikukataa. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma: nilifurahi. Mstari ule wa mama niliusoma mara tatu. Clémentine alikaa kwangu siku kumi na moja tu, juu ya mkeka nyuma ya mashini, homa haikumwacha mpaka ikammaliza. Mimi nimekaa na mtoto miaka minne. Malaria, chawa, kupiga kelele usingizini. Kwa nini nisiwe mama peke yangu?

Naomie ameisoma kwa sauti, polepole.

“Mimi sikuzaliwa Kindu.”

Nikasema ni karatasi tu.

“Na Mama Clémentine ameenda wapi?”

“Alikufa, unajua.”

“Najua alikufa. Nauliza hapa ameenda wapi.” Kidole chake juu ya karatasi.

Ameiacha mezani, amelala na viatu.

Jumanne, 11 Machi

Sikwenda popote. Nimekoboa mpunga kutwa, vumbi mpaka kooni. Nilikuwa nafikiri juu ya mwaka 2003.

Tulitoka Punia kwa miguu. Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Hapa Kindu mwanaume mmoja mwenye daftari akaniuliza jina la mama. Nilikuwa nalia, neno halikutoka. Nyuma yangu foleni. Akaandika Marie, akaita mwingine.

Mpaka leo, kwenye kila karatasi niliyonayo, mimi ni binti wa Marie. Mama yangu alikuwa Aïcha. Alikuwa na pengo mbele na alipiga mluzi kupitia pengo lile. Marie ni nani? Simjui! Hajawahi kunipikia hata ugali.

Na jana mimi mwenyewe nilikubali kuwa Marie wa mtoto mwingine.

Mama Béatrice, jirani, ananiambia niache wazimu: karatasi iko, mtoto afanye mtihani, mtarekebisha baadaye. Baadaye! Mimi nina miaka ishirini na mbili ya baadaye.

Jumatano, 12 Machi

Nimeirudisha.

Léon hakuamini. “Unarudisha kitu kizuri?”

“Kizuri, lakini cha uongo.”

Amesema daftari halifutwi. Nikasema usifute – andika pembeni: hukumu, mama aliyezaa, mama aliyelea. Amesema wengine wanashukuru. Akageukia foleni: “Muangalie huyu, anakataa kuwa mama!”

Wakacheka. Masikio yangu yalikuwa moto. Nikamwambia: “Kuwa mama sikatai. Nakataa kuiba.”

Léon akapangapanga makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Amesema nije Ijumaa na mtoto, atamuuliza mwenyewe. Anadhani Naomie ataogopa.

Siku ya mwisho ni hiyohiyo Ijumaa. Nikikosea, nimemharibia mwaka. Mimi, si Léon.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia juu ya benchi la komini. Saa tisa imepita. Mwalimu Soudi ameahidi kungoja mpaka saa kumi, kisha orodha inaondoka.

Tumekaa tangu asubuhi. Naomie amevaa yunifomu, soksi nyeupe mpaka magotini. Saa nane Léon akatuita.

“Mama yako ni nani?”

Nilitamani kumjibia. Nikauma ulimi. Naomie hakunitazama, alimtazama yeye.

“Wako wawili. Mumoja alikufa, mumoja njo huyu. Uandike wote.”

“Karatasi iko na mustari moja tu.”

“Basi andika herufi ndogo.”

Léon hakucheka. Alichukua hukumu, na leo kwa mara ya kwanza ameisoma mpaka mwisho – nimeona midomo yake ikisogea. Kisha akasimama, akaingia nayo kwa burugumesta, mkuu wa komini. Daftari ameliacha wazi mezani, kalamu katikati.

Wanasemezana nyuma ya ukuta kule. Sauti moja inapanda. Nimesikia “tribinali”. Nimesikia “wote?”

Mlinzi amekuja na funguo. Anasema tutoke, leo Ijumaa wanafunga mapema. Nimejishika kwenye benchi. Naomie wala hakugeuza kichwa.

“Funga tu, papa,” amemwambia. “Sisi tuko ndani.”

Sijamkanya.