Mifuko Mitano ya Mchanga

Korrindal, Victoria
Tarehe 14 Desemba

Kwako Dada Kerryn,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Karratha, na kwamba zamu za hospitali hazijakumaliza mgongo. Sisi huku hatujambo, ila joto limetushika tangu Jumatatu na nzi wamehamia ndani kama wenye nyumba. Mama anakula vizuri, na bado ana ugomvi na daktari aliyemkataza chumvi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi ningekata kabla sijafika ninapotaka kufika. Kaa kitako kwanza.

Najua mwanao Tahlia ameshakuambia kwamba alishindwa fainali ya tenisi hapa klabuni, na kwamba nafasi ya kucheza Melbourne mwezi Januari imechukuliwa na Marnie Oldaker. Bila shaka ulipolisikia jina hilo ulicheka. Wewe uliyamaliza naye zamani, mnatumiana kadi za Krismasi, jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. Mimi sikuyamaliza.

Mwezi Oktoba, Bev Hannigan, katibu wetu wa klabu, aliniletea orodha ya wachezaji huku anachekelea. Aliniuliza kama namkumbuka yule twiga aliyekuwa akimsumbua dada yangu, maana anarudi uwanjani akiwa na miaka thelathini na saba. Nikamjibu kwamba namkumbuka kidogo. Nilikuwa namkumbuka mpaka kamba za viatu vyake.

Dada, acha nikukumbushe, hata kama hutaki. Kwenye viwanja vya nyasi mlikutana mara nne na ukamfunga mara nne. Mpira ulikuwa unateleza chini kwenye vifundo vya miguu, naye kwa urefu ule alikuwa akiinama kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Kwenye kiwanja kigumu, cha saruji iliyopakwa rangi, mpira ulimpandia kiunoni, akaupiga atakavyo, na hukuwahi kumnyang'anya hata seti moja. Fainali ile ya miaka kumi na tisa iliyopita ilikuwa ichezwe kwenye nyasi, tena nyasi nilizokuwa nikizitunza mimi, nilizozifunika tangu alfajiri na kuzipangusa kwa mikono yangu. Zilikuwa kavu. Kisha mkiwa bado mnapasha misuli joto, msichana yule wa miaka kumi na minane akajiangusha, akashika kifundo, akamlalamikia mwamuzi kwamba nyasi zimelowa na zitavunja mtu. Wakawahamishia kiwanja kigumu. Alikufunga kwa dakika hamsini, na jioni yake alicheza muziki klabuni kwa miguu yote miwili.

Hukukaribia tena Melbourne. Mwaka uliofuata ukamzaa Tahlia, raketi zikapanda darini. Mimi nikasemwa wilaya nzima kwamba nyasi za Rohan Trevaskis ni mtego, nikaziacha, nikajifunza kazi ya kupaka viwanja vigumu. Kwa hiyo kila kopo la rangi nililofungua maisha yangu yote, nilikuwa na huyo mwanamke kichwani.

Mashindano yalipoanza nilikwenda kumtazama mechi yake ya kwanza, nikadhani wamekosea mtu. Bega lake limepasuliwa mara mbili. Ile sevu, pigo la kuanzishia mpira, iliyokuwa ikiwatoa watu jasho haipo. Anausukuma tu mpira uvuke wavu. Sasa kazi yake ni kurudisha. Unapiga, anarudisha juu, taratibu, unapiga tena, anarudisha tena, mpaka ukasirike ukosee mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyowapangua watoto wa watu mmoja baada ya mwingine.

Fainali ilichukua saa tatu na dakika kumi, kwenye joto la nyuzi thelathini na nane. Mwanao anapiga kama ulivyokuwa ukipiga wewe, mpira umenyooka, chini, wa kasi. Siku ile mipira yake ilikuwa ikigusa chini inapunguza mwendo na kumngoja Oldaker afike. Ile ya Oldaker ikaruka mpaka mabegani kwa Tahlia. Seti ya kwanza mtoto alichukua kwa hasira tu. Ya pili aliipoteza kwa tofauti ndogo. Ya tatu alikuwa anatembea, kukimbia hawezi tena.

Baada ya kombe Oldaker alinifuata nikikunja wavu. Alinishika mkono akasema, "Asante sana, fundi. Hiki kiwanja kimenionea huruma. Kingekuwa cha kasi kama vingine, ningefungasha virago siku ya kwanza." Hakunitambua. Nilipomtajia jina letu akasema kumbe mimi ni mdogo wake Kerryn, nikusalimie sana, na nikwambie binti yako ana mkono wako. Salamu ndizo hizo.

Nadhani umeshaanza kuelewa. Kipimo cha klabu ni mifuko mitatu ya mchanga laini kwa kila pipa la rangi. Mwezi Novemba, nilipokipaka upya kiwanja kikuu, nilitia mitano, tena mchanga wa chembe kubwa. Mchanga ukizidi, kiwanja kinaung'ang'ania mpira, unapungua kasi na kuruka juu. Nilitaka sevu yake ifie pale. Nilitaka ahamishiwe kiwanja asichokitaka, mbele za watu, aone utamu wake. Nilijua Tahlia yumo kwenye mashindano, na nilijua anacheza kwa kasi. Sikumfikiria, Dada. Nilikuwa namwandalia kiwanja msichana wa miaka kumi na minane, na msichana huyo hayupo tena.

Hayo ningeweza kuyameza. Ninaloshindwa kulimeza ni hili. Siku ile Tahlia alikaa kwenye gari langu na barafu shingoni, akaniuliza, "Mjomba, we ndo unajua viwanja. Nambie ukweli, kile kiwanja kiko sawa? Mbona mpira wangu ulikuwa hauendi?" Nami nikamwambia, "Kiwanja hakina neno, mwanangu. Miguu yako ndiyo haina nguvu." Akaitikia kwa kichwa polepole, akanishukuru kwa kutomficha.

Kesho yake alimpelekea Bev raketi zote awape watoto, akasema hakuumbiwa mchezo huu. Uliniandikia nimbembeleze asiache. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili amenijibu kwa maneno yangu mwenyewe.

Raketi nimezichukua kwa Bev, zinakuja kwa posta. Kesho nitamweleza Bev kuhusu mchanga, na kibarua changu kitaota nyasi, sawa tu. Oldaker bado namchukia, sitakudanganya. Akitolewa Melbourne raundi ya kwanza nitakunywa bia. Lakini Tahlia anapanda ndege kuja kwako Jumamosi ijayo, na barua hii itamtangulia. Mimi nilifika mpaka mlangoni kwake nimwambie, nikamkuta anafunga mizigo, nikaishia kumsaidia kufunga sanduku. Basi mpe wewe aisome, yote, asiruke kitu. Ajue kwamba miguu yake haina kosa, na kwamba alifungwa na mjomba wake.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na upunguze zamu za usiku. Wasalimie wenzako wa kazini. Usiponijibu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Rohan