Mama Yako Bado Hajui

12 Juni. Usiku wa manyunyu.

Mume wangu mpenzi,

Hatujambo. Bati limezibwa, na wateja wa kushonewa wapo. Tangu nilipotapika kwa harufu ya mafuta ya cherehani, mama yako hataki niguse ndoo. "Wewe ni gari tu," ananitania, "mwenye safari ni mjukuu wangu."

Yale matone ya damu tuliyodhani ni dalili njema, kwamba mimba inajishika, yamegeuka hedhi nzito. Leo muuguzi amenipima, hakuna mimba. Amesema nirudi wachunguze kwa nini damu inakuja ovyo.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ameshanitekea maji ya kuoga. Nilioga. Mwambie wewe, tafadhali. Mimi nimeshindwa.

Mkeo.

Saa nne usiku, nazima taa nilale.