Sura ya Kwenye Kibao cha Kinyozi

Pasiansi, Mwanza
Jumatano asubuhi

Mdogo wangu Ooko,

Nimepoteza sura yangu. Nimeipoteza Jumamosi iliyopita kabla ya saa sita mchana, nyumbani kwa Chenge kule Kiseke, mbele ya wachoraji wenzangu wote, na aliyenayo ni wewe. Nimeona nilitangulize hilo ili usije ukasoma salamu ukadhani ni barua ya salamu.

Sasa salamu. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba. Hujambo? Wanafunzi wako huko Kamanga wanakusikiliza, au wanachora mabasi tu kwenye madaftari? Sisi hapa ni wazima. Mtoto ameota jino la juu na sasa anang'ata kila kitu, hata mpini wa brashi. Tereza anakusalimu sana. Mama alipiga simu kutoka Shirati, mguu umepungua kuvimba. Aliuliza habari zako mara tatu, zangu mara moja. Nilihesabu.

Ningeweza kukupigia, lakini nakufahamu. Kwenye simu utanichekesha, na nikishacheka nitakuwa nimekusamehe kabla hujajibu swali. Kwa hiyo nakaa chini kwa kalamu, na Shigela anayevuka na pantoni leo ndiye atakayekuletea.

Unajua Chenge ametaka kila mwanachama wa kikundi ajichore mwenyewe kwa ajili ya maonyesho ya Jumapili hii. Sura halisi, bila madoido. Wewe yako uliileta mapema, ukasifiwa, ukaondoka zako. Mimi nilichukua mwezi mzima. Mimi si mtu wa chuo kama wewe. Kazi nimejifunza juu ya ngazi, nikiandika majina ya mitumbwi pale Mwaloni na kuchora vichwa vya ng'ombe kwenye mabucha, kwa hiyo kazi yangu naifanya kwa vipimo. Nilijipima uso kwa bikari na rula. Jicho hadi jicho, pua hadi kidevu, sikio hadi kona ya mdomo, yote nikayazidisha mara mbili na nusu nikayahamishia kwenye kanvasi. Hakuna kipimo kilichokosewa hata kwa upana wa unywele. Nilipomaliza nilisema moyoni, safari hii watanitambua.

Utaratibu wa pale kwa Chenge unaukumbuka: mwenye picha anakaa kwenye kiti kando ya kazi yake, amewageukia wenzake, na haruhusiwi kufungua mdomo mpaka wote wamalize kusema. Nikakaa. Wakanitazama mimi, wakaitazama picha, wakanitazama tena.

Princess ndiye aliyeanza, na unaujua ulimi wa yule binti. Aliniuliza kama nimemlipa Ooko nauli ya kuja kukaa mbele ya kioo kwa niaba yangu. Watu wakaangua kicheko. Chenge akawanyamazisha, akasema rangi ya ngozi imekaa vizuri na mwanga wa shavuni ni wa fundi, lakini naye haoni Odoyo pale. Halafu Mzee Mhoja akainuka. Yule mzee kazi yake ni kuchora sura za marehemu kwa ajili ya familia zao, na mtu wa kazi hiyo hawezi kukosea sura, kwa sababu wafiwa hawatamwacha. Akasogea, akavaa miwani, akasema vipimo ni vya Odoyo lakini mtu ni mdogo wake. Akauonyesha mdomo kwa kidole. Akasema mdomo huo haujawahi kuwa wa Odoyo hata siku alipooa.

Nami nimekaa pale, mdomo wangu huo huo nimeufunga kwa mujibu wa utaratibu.

Chenge akahitimisha kwa kusema yuko tayari kuitundika kama nitaiandika chini "Mdogo Wangu". Eti ni picha nzuri sana ya mdogo mtu. Nilipopewa ruhusa ya kusema nilisema nimesikia, nikaifunga kazi yangu kwenye khanga ya Tereza, nikaondoka nayo. Nyumbani nikamuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia wakati ameipita ile picha mwezi mzima akienda jikoni. Akajibu, bila hata kuacha kuchambua dagaa, kwamba alidhani nimeamua kujichora siku nikiwa na furaha.

Ooko, usidhani wivu wangu ni wa juzi. Mimi ndiye niliyekupeleka kwa Chenge, nikakutambulisha, na baada ya wiki mbili wakawa wananiita "kaka yake Ooko". Ukiingia Pasiansi watu wanakupungia mkono, wanakuambia wamewahi kukuona mahali, wanakupa kiti. Mimi nimeishi mtaa huu miaka kumi na tisa na muuza mkaa bado ananiita "wewe jirani". Picha yako Chenge aliiweka ukuta unaotazama mlango, mahali penye mwanga. Nitakuambia ukweli: tangu iwekwe pale sikuwahi kuitazama. Nilikuwa naingia nikiangalia sakafu.

Jumatatu nilikwenda kunyolewa kwa Muharami. Nilikuwa nimekaa nje nasubiri zamu yangu, nimeinamia simu, mteja mmoja akamwambia Muharami kwamba anataka mtindo kama wa huyo jamaa wa kwenye kibao. Nikainua macho. Kibao kile nilikichora mwenyewe, ndicho cha kwanza katika maisha yangu, na kichwa kilicho juu yake ni chako. Ulikuwa kidato cha pili, umekuja likizo, nikakukalisha juu ya debe la rangi kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumchora. Ulikuwa unajizuia kucheka na mdomo ukapinda hivyo hivyo.

Nikaacha kunyolewa. Nilitembea nikapita kila saluni niliyowahi kuichorea, kutoka barabara ya juu mpaka kule ufukweni, na kote nilikukuta wewe. Umenyoa panki, umenyoa upara, umefuga ndevu, una herini, lakini ni wewe, na mdomo ule ule. Nimechora vibao arobaini na kitu na sijawahi kubadilisha sura. Wateja waliipenda, mkono ukaizoea, mimi nikaacha kuiona. Basi ndiyo maana watu wanakupungia! Mimi ndiye niliyekutangaza mtaa mzima kabla hujarudi humu ukiwa mtu mzima. Na siku nilipokaa kujichora, vipimo vikaishia kwenye mifupa, nyama yote mkono ukaijaza kwa mazoea.

Ningeishia hapo ningekuwa nimecheka. Ningekupigia simu tukacheka wote. Lakini jana nilikwenda Kiseke kumwambia Mzee Mhoja kwamba nimepata jibu, nikamkosa, Chenge naye alikuwa anatoka, akaniachia ufunguo. Nikabaki peke yangu mle ndani. Na kwa mara ya kwanza nikaitazama picha yako.

Ni nzuri. Sitakuficha, nilisimama mbele yake mpaka miguu ikauma. Umejichora umesimama nje kwa Muharami, na nyuma ya bega lako, juu kulia, umekichora kibao changu. Sura mbili, ya kijana na ya mtu mzima, zinatazama upande mmoja. Ndicho wanachokisifia wote. Princess alishawahi kuniambia kuna wazo la ajabu kwenye picha yako, nami nikajifanya sina muda. Umechora ufa wa ubao. Umechora kutu ya msumari ilivyochuruzika. Umechora hata mahali jua lilipobabua rangi ya samawati. Lakini pale chini pembeni, mahali nilipoandika ODOYO SANAA, na bado panasomeka mpaka leo, nenda kaangalie, wewe umeacha patupu. Na kwenye kile kikaratasi cha maelezo umeandika kwamba kibao ni kazi ya mtaani, mchoraji hajulikani.

Hajulikani, Ooko. Mtu aliyekukalisha juu ya debe.

Sasa sikiliza nililolifanya, maana nataka ulisikie kwangu, usilisikie kwa Princess. Nilichukua brashi ya Chenge, ile nyembamba, nikapanda kwenye stuli, nikaandika jina langu kwenye picha yako. Herufi kumi, ndogo, mahali pake na kwa mwandiko wake. Sikutumia rangi yangu ya mabango inayokauka kabla chai haijapoa. Nilitumia ya mafuta, ya Chenge, inayokaa mbichi. Mpaka Ijumaa mchana kitambaa chenye tapentini kinaweza kuliondoa bila kugusa chako hata kidogo. Baada ya hapo siahidi.

Najua kuigusa kazi ya mtu ni kosa ambalo kikundi kinamfukuzia mtu, na wewe una haki ya kumwambia Chenge. Mwambie ukitaka. Najua pia kwamba wageni wakilisoma jina hilo watauliza, na wazo la ajabu litakuwa na wenyewe wawili. Lakini sitaki maelezo, na sitaki kusikia kwamba ulisahau, kwa sababu mtu aliyekumbuka kutu hasahau jina.

Nisalimie wenyeji wako na mwalimu mkuu. Tereza amefunga dagaa kidogo kwenye mfuko, Shigela atakupa, wale ni wako hata kama tumegombana. Mpigie Mama, umtajie na mimi.

Jibu nalitaka Ijumaa kabla ya saa sita mchana, kwa neno moja, kwa ujumbe wa simu, bila utani. Nitakuwa Kiseke, nimesimama mbele ya picha yako na kitambaa mkononi. Jina langu nilifute au libaki?

Ni mimi kaka yako,
Odoyo