Wimbo wa Raundi ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Kinyaa! Nimefungua gemu ya mkononi niliyochukua kwa muuza vyuma chakavu. Ndani: mguu wa mende. Juisi iliyoganda. Kucha ya mtu — kucha! — imenasa chini ya kitufe cha kuanzia. Betri zimevuja, unga wa kijani umeshika kila mahali. Nimesugua kwa mswaki na spiriti mpaka vidole vimekauka. Watoto wa zamani walikuwa wachafu jamani, na leo hao hao ni watu wazima wanaonipigia simu kazini, dawati la malalamiko ya maji, kuniambia maji yao yana rangi.

Lakini nilipoiwasha ikalia! Sauti nne tu ndani ya kile kiplastiki: mbili za kuimba, moja ya besi, na moja ya kufoka ambayo ndiyo ngoma. Kwangu zinatosha. Wenye magitaa wabaki na magitaa yao.

Mama kapita mlangoni na mkoba wake. "Zima hao vifaranga, wananipasua kichwa." Kila siku vifaranga. Miaka yote hii hajawahi kukaa kitako akasikiliza hata wimbo mmoja. Kisha akaaga, anakwenda kumwona mgonjwa. Cherehani yake ya kazi imefunikwa shuka.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nicheke au niogope. Mama alikuwa anaosha vyombo huku anavumisha wimbo puani. Wimbo wangu! Ule niliotunga kwa kigemu kwa ajili ya raundi ya pili ya mchezo, uliokula mwezi wangu mzima. Nilisimama na sufuria mkononi kama niliyeona jini. Nikamuuliza ameusikia wapi. Akajibu kwamba si naupiga mimi kila siku, anaishi nyumba gani kwani?

Nikafurahi kama mjinga. Nikaja chumbani nikaupiga. Ndipo nikashtuka. Mama anaimba haraka kuliko mimi, na juu zaidi kidogo. Halafu kila baada ya mstari anaweka kitu kama sarafu zinazomwagika — tililili! Mimi sijaweka tililili. Nisingeweka hata kwa kushikiwa panga.

Wimbo huo nimempa mtu mmoja tu, Pikseli, mwenzangu wa kundi la muziki. Alisema ni kwa ajili ya mchezo wa watoto unaotengenezwa na rafiki yake.

Jumamosi, 8 Machi

Tumepiga onyesho pale juu ya kinyozi. Walikuja wale wale wa siku zote, wenye miwani na fulana zenye picha za roboti. Mimi na kigemu changu, Pikseli na kipaza sauti. Anachana mistari kuhusu mwanamke aliyemwacha kama betri iliyokwisha chaji, kuhusu adui mkubwa wa raundi ya mwisho ambaye ni mwenye nyumba wake. Watu wanapiga kelele. Jaketi lake la taa linawaka mgongoni. Alishonewa na Mama, na mifuko ya siri ya kuwekea betri. Kwa kweli anajua, mshenzi huyu. Na leo nilikuwa namtazama anavyotoa jasho nikaona hata jasho lenyewe ni la uongo.

Baada ya onyesho nikambana kwenye ngazi. Mchezo wa watoto uko wapi? Akacheka. Akasema kwani watu wazima si watoto wa mtu? Ndipo akatoa yote: ukumbi wa mashine za kamari, ule wa karibu na kituo cha mabasi, wenye mapazia mekundu. Yeye ndiye anayewawekea milio kwenye mashine. Safu nzima ya mbele inapiga wimbo wangu! Waliomba uongezwe kasi, upandishwe kidogo, na uwekwe sarafu.

Na alikuwa anajisifu! Eti wenye ukumbi wameusifia kuliko milio yote. Muziki wa gemu huwa hauishi, unazunguka ukarudi mwanzo, na mtunzi mzuri hujulikana pale anapounga mwisho na mwanzo. Mimi nilipaunga vizuri mno, akasema. Hapasikiki kabisa. Mchezaji hapati pa kuinukia.

Nilirudi nyumbani nikanawa mikono mara mbili. Sikuwa nimeshika kitu.

Jumapili, 9 Machi

Bibi harusi amekuja na shangazi yake kujaribu gauni. Harusi Jumamosi. Mama hayupo, yuko kwa mgonjwa. Nikafunua lile shuka: gauni lina mkono mmoja. Mmoja! Shangazi akaniuliza kama ndiyo mtindo mpya. Nikasema mkono wa pili unatiwa nakshi kwa fundi mwingine. Uongo umenitoka laini kama mafuta. Bibi harusi akanishika mkono, akasema anajua Mama hajawahi kumwangusha mtu. Macho yake! Nilitaka kuingia chini ya meza.

Mama alirudi jua limezama. Ananuka sigara za watu na yale manukato ya kupuliza chooni. Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Anaendelea, akasema. Jina lake nani? Akasema nimekuwa askari lini.

Hakuna mgonjwa. Moyoni nilijua tangu Jumatano, ila mtu hujifanya kipofu wa mama yake.

Jumanne, 11 Machi

Nimeingia.

Hakuna dirisha. Hakuna saa ukutani. Zulia linanata, unainua mguu linakurudisha. Vitufe vimeng'aa kwa mafuta ya vidole vya watu — na mimi niliona kucha moja ya mtoto ni uchafu! Hapa ni uchafu wa watu wazima waliooga na kuvaa vizuri. Mwanamume mmoja anailamba midomo kila picha zinapozunguka. Mwingine anaipapasa mashine shavuni. Anaibembeleza!

Na juu ya hayo yote, mimi. Wimbo wangu kutoka kila upande, kila mashine imeanza kwa wakati wake, kwa hiyo unajipanda wenyewe kama siafu. Tililili. Ukishinda unalia. Ukikosa kidogo unalia vile vile, ili ujione ulikaribia. Nilitunga kwa ajili ya kijitu cha kwenye skrini kinachoruka mawingu. Ptuu!

Mama alikuwa mashine ya pembeni kabisa. Nilimjua kwa mgongo. Tepu ya kupimia bado iko shingoni, kama aliyetoka kidogo tu kununua uzi. Anabonyeza, anangoja, anabonyeza. Hana furaha wala huzuni. Nilitaka kumwita. Nikatoka nje nikatema mate kwenye mtaro, watu wakaniangalia.

Alhamisi, 13 Machi

Pikseli kaja jioni kuchukua spika, kavaa jaketi lile. Nikamwambia Mama anashinda wapi. Kwanza akabisha. Kisha akakaa kwenye kigoda cha cherehani akawa anajikuna kisogo. Akasema hakujua, wallahi hakujua. Namwamini. Na bado namwona kama ile betri iliyovuja.

Nimemwambia nitatunga upya wimbo ule ule, ila huu utakuwa na mwisho. Mwisho wa kweli: unashuka, unafika nyumbani, kimya. Mama apate pa kuinukia. Pikseli auweke kwenye mashine ya pembeni.

Akasema wenye ukumbi watamfukuza. Nikamwambia basi vua jaketi uliache hapa. Akalitazama muda. Akakubali. Mashine moja tu, na Jumamosi tu, atasema ni majaribio.

Nimekaa na kigemu tangu alipoondoka. Aibu gani hii — sijui kumaliza wimbo! Sijawahi. Kila ninachogusa kinataka kurudi mwanzo. Nikishusha, unasikika kama umeanguka. Nikiukata, kama umeme umekatika. Nimefuta, nimeanza, nimefuta.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempelekea Pikseli. Mwisho upo. Sio mzuri, ila upo.

Halafu nikaenda kwa Mama. Alikuwa amefunua cherehani! Anashona mkono wa pili wa gauni, sindano inakimbia, nikaona kama amerudi. Nikakaa karibu. Nikasema, "Mama, nilikuona Jumanne."

Akakata uzi kwa meno. "Na mimi nilikuona. Umesimama pale kama mkaguzi wa vyoo."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikauliza kwa nini tu.

Akasema mwanzoni alifuata baridi ya ndani na soda ya bure. Siku ya pili akasikia mashine zimebadilishwa mlio. Alinijua palepale. Alisema hivyo, alinijua, kama anavyonijua nikikohoa chumba cha pili. Amewaambia wenzake wote wa ile safu kwamba anayelia humo ni mwanawe.

"Hapa nyumbani sikuelewa, mwanangu, ni vifaranga tu. Kule naelewa. Kule una maana."

Nilifurahi. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma: nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Miaka yote nimengoja neno hilo! Dakika hiyo hiyo nikajifuta mdomo kwa kiganja. Nimeonjeshwa asali kwenye kijiko cha choo.

Nikamwomba asirudi tena. Akasema kesho asubuhi anamaliza gauni, mambo mengine tutaongea. Kumebaki kushika bega na pindo.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nyuma ya karatasi za kazini, nitazibandika kwenye shajara nikirudi. Niko ukumbini.

Nilipoamka Mama hayupo. Gauni liko mezani, mkono wa pili umeshikizwa kwa pini tu. Harusi saa nane! Nimekuja mbio na kandambili.

Yuko pembeni pale pale. Pikseli ametimiza ahadi, wimbo mpya umo. Nilisimama nyuma ya Mama nikaungoja. Ukapanda, ukazunguka mara moja, ukashuka, ukafika. Kimya. Mashine ikakaa pale na taa zake, haina la kusema. Mama akaacha kubonyeza. Akainua kichwa. Nikaona bega lake linashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Akachukua mkoba. Akasimama!

Akasimama, naandika tena. Nilinyoosha mkono nimshike.

Akanitazama kwa huruma. "Hii umeiharibu, mwanangu. Mwisho unaonekana."

Akahamia mashine ya jirani. Yule mwanamume wa kulamba midomo akampisha kwa heshima, akaniamkia, akauliza kama ndiye mimi. Mama akasema ndiye, ndiye huyu. Safu nzima ikageuka. Mwanamke mmoja akanipigia makofi. Mama akapiga-piga kiti cha pembeni, kwamba nikae, hii bado inaimba vizuri, nisikilize wanavyonipenda.

Nimekaa. Kiti kina joto la mtu mwingine. Wimbo unazunguka na kwa kweli hapasikiki pale nilipounga, hata mimi natega sikio na sipasikii. Nilisema nitahesabu mizunguko mitatu kisha nimvute kwa nguvu. Sijui tuko wa ngapi.

Simu inalia mkobani mwake. Bibi harusi. Mama hageuki. Anasema niipokee mimi, nimwambie fundi yuko njiani.

Nimeipokea.