Sahani Iliyorudi Jikoni

Igogo, Mwanza
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na umeanza tena kwenda shambani bila fimbo. Mikorosho imeanza kutoa maua? Na Mjomba, kile kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, na kazi ya mitambo ya baridi kiwandani inaendelea. Mwili tu ndio umepungua kidogo, na sababu ni hii ninayokuandikia. Simu sikutaka, maana wewe husikilizia barazani kwa jirani, na kabla hujakata Masasi nzima ingekuwa imeshajua. Nimefuata shajara yangu niliyoijaza siku ile ile, ili nisiongeze chumvi.

Unakumbuka mama yake Kabula alisema hapokei mshenga wa mtu yeyote mpaka kwanza amwone kwa macho yake huyo anayemtaka binti yake. Baba yake Kabula ni marehemu, kwa hiyo neno la mwisho ni la huyu mama. Akikataa, hakuna ndoa, na Mjomba, mshenga wetu, hatakuwa na haja ya kupanda basi. Sasa aliamua kuja Jumamosi kutoka Bujora, pamoja na Mzee Masanja, baba mdogo wa Kabula.

Chumba changu hakifai wageni wa namna hiyo, nikasema niwapeleke kula. Kabula akanionya: "Mama hali vya mjini. Anasema kuku wa mjini hajawahi kuona jua, na mchicha umeogea mtaroni."

Ndipo nikachagua kwa Mama Nkwimba, kule Buhongwa. Mama, pale ungepapenda. Ni uani kwa mtu, banda la nyasi lenye meza nne, na nyuma yake bustani ya mchicha, nyanya chungu na mlenda. Mboga inachumwa ukiwa umeshakaa. Kuku unamwonyesha kwa kidole anapokwaruza, na sato wanaletwa asubuhi kutoka mwaloni, wanakotua wavuvi wa ziwa. Ukiuliza kuna chakula gani, unaambiwa, "Nenda kaangalie bustani." Jumamosi watu hungoja nje kwenye benchi, nao hawanung'uniki.

Nilitangulia mapema kushika meza. Nikachagua jogoo mwekundu, nikaagiza na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha kuchemshwa, kwa sababu Kabula alisema ndivyo mama yake anavyopenda. Halafu nikafanya hesabu zangu za Kimasasi. Kwetu mkwe wa kiume hulima shamba la mama mkwe na hula pale pale kwake. Baba alikuwa akimnawisha Bibi mzaa mama mikono, nilikuwa nikiona. Kwa hiyo nikavuta kiti cha mama yake Kabula kikawa ubavuni mwa changu, nikaweka birika la maji na taulo jipya, nimnawishe mwenyewe.

Walipoingia getini, Kabula akiwa nyuma yao, nikaenda mbio, nikamnyooshea mama yake mkono. "Shikamoo, mama."

Akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Akavuta kitenge kikafunika uso, akageukia miche ya pilipili, akaijibu hiyo: "Marahaba." Mkono wangu ukabaki hewani.

Mzee Masanja akatazama meza, akatazama vile viti viwili vilivyobanana.

"Kijana, hiyo meza ni ya nani?"

"Yetu sote, baba."

"Sisi sote, na huyu mama ndani yake?"

"Ndiyo, baba. Mimi nitamnawisha."

Walaji wa meza ya jirani wakaacha kutafuna. Mama yake Kabula akasema kitu kwa Kisukuma, sauti ndogo, akaanza kurudi getini. Nikamshika Kabula kiwiko. "Nimefanya nini?"

"Mkwe hali na mama mkwe! Hata mkono hapewi! Hukujua?"

"Ungeniambia!"

"Nimwambie nini mtu wa miaka yote hii Mwanza? Nilidhani utaandaa meza mbili!"

Meza mbili zingetoka wapi, na benchi lile limejaa watu? Nikaona nimeharibu kila kitu kwa taulo na birika. Mama Nkwimba akachungulia jikoni, mwiko mkononi. Ni mwanamke mnene, mwenye maneno.

"Wewe mtu wa korosho! Umesimama hapo kama mlinzi wa benki? Ingia huku jikoni. Mama, rudi ukae, huyu namfungia."

Nikaingia, nikaketi kwenye kigoda kati ya gunia la mkaa na beseni la nyanya chungu. Ukuta wa jikoni ni mabanzi, kwa hiyo niliona vitenge na miguu tu. Ile miguu ya getini ilisimama muda mrefu. Hatimaye ikarudi, ikaingia mezani. Jogoo akapelekwa mzima kwenye sahani kubwa, na mimi nikapewa ugali na mlenda. Mama, mlenda wenyewe huteleza, lakini siku hiyo nilimeza tonge moja tu, jicho kwenye mabanzi. Nilisikia Mzee Masanja akisifu mchuzi. Mama yake Kabula sikumsikia hata kidogo.

Kisha yule dada anayegawa chakula akaingia na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. "Yule mama mgeni amesema hii irudi jikoni."

Mama Nkwimba akaacha kusonga. Sikuigusa. Nilijua ni kuku wangu amekataliwa, na kuku akikataliwa aliyemchagua naye amekwisha.

Mzee Masanja akaingia, ameinama kukwepa paa. "Mbona hufunui?"

"Naogopa, baba."

"Funua!"

Nikafunua. Ilikuwa firigisi, peke yake, katikati ya sahani.

"Mpita njia hapewi firigisi," akasema mzee. "Na nikwambie jambo jingine, maana naona shule hawakukufundisha. Angekukataa, angekaa na wewe meza ile ile, angekula, angefuta mdomo, angekwenda zake. Mtu hamkimbii asiye mkwe wake. Alipoona mkono wako alishaamua, ndiyo maana akakimbia. Aliudhika na kiti tu."

"Sasa kula," akadakia Mama Nkwimba, "kabla sijaila mimi."

Nikaila, Mama. Kutoka upande wa pili wa mabanzi nikasikia sauti ya mama yake Kabula kwa mara ya kwanza tangu getini, bila kuniita jina: "Amekula?" Kabula akajibu, "Amekula." Naye akasema, "Wabeja," ndiyo asante ya kwao.

Kwa hiyo mwambie Mjomba ajiandae, mshenga atapokelewa. Nisalimie Bibi mzaa baba, dada yangu Anjela na mumewe, na mdogo wangu Saidi aache kulaza baiskeli yangu mvuani. Mchungaji naye mpe habari.

Nawe utakapokuja, mama mkwe atakukumbatia, atakushika mikono yote miwili, na mimi atanipita bila kunitazama. Tafadhali usikasirike kwa ajili yangu. Siku atakayonitazama usoni ndiyo siku ya kuogopa.

Mwanao akupendaye,
Festo