Neema wa ku Karte

Madamu,

Mi ni Riziki. Usishtuke, hakuna muntu mwengine alikufa. Ninakuandikia juu ya woga. We njo ulikuwa unaijua woga yangu yote, ya mbwa, ya mvua ya mawe, ya bantu ba ku biro, ofisi ya kambi. Toka siku tatu kazi yangu ya kushona inaharibika. Jana nimeshona mukono wa blauzi ya Mama Pastori ku kola. Aliikunja, akaniambia niende nipumzike.

Nianze na habari za nyumbani, maana hizo njo ungeuliza kwanza. Ni mwezi wa tano sasa toka tulikurudisha kutoka ku hopitali ya Lilongwe, tukakuzika hapa kambini Dzaleka, upande ule wa mashamba ya mahindi. Batoto bako ba darasa la asubuhi niko nabo mi. Bamebaki kumi na bane. Tablo yako ya kuandikia, ule mulango wa kabati, ingali inasimama, nimeipaka tena masizi ya betri. Shida ni chaki, kama zamani. Ninabakatia mihogo mikavu ya kuandikia, nikigeuka tu, banaitafuna. Wiki iliyopita tulisimamisha hesabu katikati juu chaki yote ilikuwa imeliwa. We ungecheka. Mi nilibagombeza bote, kiisha nikaenda kulia nyuma ya choo. Sijui namna gani ulikuwa unabatuliza na sauti ndogo ile.

Yule mama Murundi wa mulango wa tatu angali ananisalimia vilevile, "Mutoto wa Mama Neema, umeamka?" Mambo yako yote nimeyazoea, Madamu, hata kiti chako. Lakini jina hilo, kila akilitaja, ninageuza uso.

Unakumbuka vile nilikuwa? Miaka kumi na moja, nimetoka Bukavu na shangazi, mukonda, sisemi na muntu. Tulikuwa majirani, ukuta moja tu wa matofali ya udongo kati yetu. Ulikuwa unatusikia tukigombana juu ya chumvi. Shangazi akasema anaenda Joburg kutafuta kazi, atanitumia nauli. Akaenda. Mpaka leo hajatuma hata salamu. Siku ya ine ulikuja na jembe, ukaanza kutoboa ukuta. Vumbi ikajaa mu sufuria. Ulitoboa mpaka muntu akaweza kupita akiinama, ukapanguza uso, ukaniambia, "Kuanzia leo unapita hapa. Mulango wa mbele ni wa bageni." Usiku ule nilikula bugali na sombe yako ya majani ya mihogo, nikalala upande wako.

Kiisha ikafika kuhesabiwa kwa bakimbizi. Kila muntu na karte yake ya kujitambulisha, kila muntu aweke kidole ku mashini. Nyumba ya shangazi ilikuwa itafutwa ku orodha, maana mwenyewe hakuwa tena. Nilijua nitabaki bila karte, bila rasheni, kama kuku ya mu njia. Tulisimama mu foleni toka asubuhi. Umenishika mukono, jasho inakutoka mpaka mikono inateleza. Ku meza bakasoma dosiye yako, ile faili ya familia. Wewe, na binti moja, Neema. Bakauliza kama Neema njo mi. Ukasema, "Njo huyu." Nikaweka kidole.

Sikuuliza kitu. Nilifikiri ni akili yako tu ya kuniokoa. Hapa kambini bantu bengi biko na jina la ku karte na jina la ku njia, nani anashangaa? Kwa majirani ba blok yetu ulikuwa unasema Neema wako iko ku bibi yake, Uvira. Na mi niliamini, miaka yote saba. Hata nilikuwa ninamuonea wivu kidogo, mutoto mwenye bibi.

Ni ku hopitali njo uliniambia. Saa ya kutembelea bagonjwa, jua linaingia ku dirisha, bantu bamejaa na masahani ya nsima, bugali ya Bamalawi. Ulinivuta karibu. Ukasema Neema alikufa na homa mu njia, mbele ya kufika hapa, mukamuzika pembeni ya barabara bila hata ubao. Ulipofika ku biro bakauliza uko na batoto bangapi, ukasema moja. Iko wapi? Ukasema amelala kule penye bageni banalala, iko na homa. Basi bakaandika.

"Nilishindwa kusema alikufa, Riziki. Niliona nikisema, mi njo nitakuwa nimemuua."

Hiyo tu. Kiisha ukaomba maji. Haukuniambia nifanye nini na neno hilo, Madamu, na mi nilikasirika sana. Kweli nilikasirika. Ulifundisha batoto ba bantu bote kusimama na kusema "sijui" bila haya, kumbe we mwenyewe ulikaa na kifo ya mutoto mu mudomo miaka yote, na blok nzima inakuita Mama Neema asubuhi na mangaribi. Haukumukalia hata kilio. Hakuna muntu alileta mukeka mbele ya nyumba yako, hakuna aliyeleta unga wala kuni, hakuna aliyemuimbia.

Sasa sikiliza kile kilitokea. Bakabandika majina ku biro, bantu ba kwenda Lilongwe kwa intavyu ya kuhamia Kanada. Jina la Neema liko. Dosiye yako imeitwa, we hauko, kwa hiyo binti njo anaitwa. Ba mama ba ku kanisa bakapiga vigelegele, bakaniletea kitenge. Mi nikaingia mu nyumba nikafunga. Nikisema si mi Neema, njia inafungwa, na labda bananifuta hata ku rasheni, banasema mi mwizi. Nikisema ni mi, ninapanda ndege.

Nilikuwa na nia ya kudanganya, Madamu. Ujue hivyo. Nilikariri tarehe ya kuzaliwa ya Neema nikipika, nikifua, nikishona. Nilipanda kabaza, baisikeli ya kubeba bantu, mpaka ku barabara kubwa, njia yote ninakariri tarehe ile mu mugongo ya mwenye kinga. Nililala Lilongwe, mutaa wa Area 23, kwa Mama Ester wa Fizi, yule anayeshona yunifomu, akanipigia kola pasi, akaniambia nijibu ndiyo kwa kila kitu na nisiongeze neno.

Ku biro walikuwa babili. Mama moja Mumalawi, mupole, na mwanaume wa kutafsiri Kiswahili. Alianza na kunipa pole juu yako. Akauliza jina, nikasema Neema. Akauliza tarehe, nikaitaja yote bila kukwama. Mikono ilikuwa imetulia kabisa, mi mwenyewe nilishangaa. Niliona Kanada iko karibu kama duka ya pale mbele.

Kiisha akafunua ukurasa mwengine, akauliza tu vile banauliza kila muntu: mu familia yenu, mbali na mama, kuna mwengine alikufa? Mutaje, na ni wapi.

Ilikuwa niseme hakuna. Alishaanza kushusha kalamu. Na mi nikaona, Madamu, kama ninasema hakuna, basi Neema hakufa. Na kama hakufa, hakuna muntu atajua iko wapi. Atapanda ndege na miguu yangu, atafanya kazi na mikono yangu, siku moja atazeeka, na mutoto wako mwenyewe atabaki pembeni ya ile barabara. We umeenda. Nimebaki mi peke yangu mwenye kujua.

Nikasema, "Neema. Neema alikufa."

Mwenye kutafsiri aliinamisha kichwa karibu yangu. Aliniuliza tena, akifikiri hakusikia vizuri. Nikarudilia. Nikasema mi ni Riziki, nilikuwa jirani, ulinipokea kupitia ukuta. Yule mama akaweka kalamu chini, akauliza kama ninaelewa kile ninasema. Nikasema ninaelewa, na ninaogopa. Akaandika murefu sana. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema dosiye imesimama, nirudi Dzaleka, ningojee. Nilipouliza nitangojea nini, akasema hawezi kunijibu leo.

Basi ninangojea. Kila gari nyeupe ikipita ninajificha mu nyumba. Ku mustari wa rasheni wiki ijayo sijui kama kidole changu kitakubalika. Bantu bananiuliza ninasafiri lini, ninasema bado. Mama Pastori tu njo nimemwambia ukweli. Alikaa chini, akalia, akasema alikula ku nyumba yako mara nyingi akikuita Mama Neema bila kujua anakuchoma.

Lakini si biro njo inaniogopesha zaidi. Ni wewe. Ninaogopa nimekuvunja. Kitu ulificha na maisha yako yote, mi nimekitosha inje mbele ya bageni babili na feni ya meza. Kama umekasirika, kasirika. Mi singeweza kwenda mbali nikiwa nimemuvaa mutoto wako kama koti.

Sikia vile tumepanga na Mama Pastori, yeye njo ameambia bantu kuna kilio, bila kutaja ni cha nani. Jumapili, wakitoka ku kanisa, ba mama banakuja na mikeka hapa mbele ya nyumba. Mama Murundi ameahidi kuni. Batoto bako ba asubuhi banakuja bote, nimebafundisha wimbo moja, bale badogo banaupoteza katikati lakini banarudi. Seremala amenipatia ubao wa jina la Neema, tutausimamisha pembeni ya musalaba wako. Sina picha yake, sijui hata alikuwa anacheka namna gani. Nitasema tu alikuwa mutoto wa Madamu, na kwamba mama yake alimupenda mpaka akashindwa kumuzika.

Batoto sitabaacha, hata wafute jina langu kila mahali. Ninakuahidi. Na we pumzika sasa, mudomo wako umetua muzigo. Jumapili Neema atakuwa amekufa, Madamu, na blok nzima itamulilia.

Ni mi,
Riziki